Usemi unaopoteza mshikamano katika skizofrenia: picha za ubongo zimeonyesha nini?

Muuguzi_Kirumba

Wanajukwaa, salaam.

Familia nyingi za hapa Mwanza zinazomleta kijana wao kliniki kwa mara ya kwanza huuliza swali lilelile: je, hakuna kipimo cha kupiga picha ubongo ili ijulikane wazi kama hii ni skizofrenia? Swali hilo ni la haki, kwa sababu tumezoea kuona malaria ikithibitishwa kwa tone la damu na mfupa uliovunjika ukionekana kwenye eksirei. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na nimefungua uzi huu kwa kuwa jibu fupi, yaani hapana, huwaacha watu wakidhani kwamba wanasayansi hawajaona chochote katika ubongo wa wagonjwa hawa. Wameona mengi. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba hayo waliyoyaona yanaturudisha kwenye usemi wa mgonjwa, ambao hauhitaji mashine, na ambao sisi huku Kanda ya Ziwa bado hatuusikilizi kwa utaratibu unaostahili.

Nianze na dalili yenyewe. Watu wakitaja skizofrenia hufikiria sauti ambazo mgonjwa huzisikia peke yake, au imani yake kwamba kuna watu wanaomfuatilia. Dalili ya tatu huzungumzwa kidogo, nayo ni kuvurugika kwa mtiririko wa fikra, ambako sisi tunaosikiliza hukujua kupitia maneno. Kijana anaulizwa jana alikuwa wapi, naye anajibu: "Nilikwenda Mwaloni kuchukua dagaa, dagaa huanikwa juani, jua ni la serikali, na serikali ilimpa babu bendera, ndiyo maana sivai shati la kijani." Mfano huu nimeutunga ili nisitumie maneno ya mgonjwa yeyote, lakini aliyewahi kuuguza ataitambua namna yake. Kila kipande kina sarufi sahihi, na kila kipande kimeshikana na kilichotangulia kwa neno moja. Kilichopotea ni mwelekeo wa jibu zima. Wapo wanaozunguka kando ya swali bila kulifikia kamwe, wapo wanaobuni maneno yasiyokuwamo katika lugha yoyote ya nyumbani kwao, na wapo ambao usemi wao hupungua hadi zikabaki "ndiyo", "hapana" na "sijui".

Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi aliyeupa ugonjwa huu jina la skizofrenia mwaka 1908 na kuuandikia kitabu mwaka 1911, aliona kulegea kwa mnyororo unaounganisha wazo na wazo kuwa miongoni mwa dalili za msingi kabisa. Hata hivyo, kwa miongo mingi kila daktari aliupima ulegevu huo kwa sikio lake mwenyewe, na madaktari wawili wakimsikiliza mgonjwa mmoja wangeweza kutofautiana sana. Mwaka 1979 Nancy Andreasen wa Marekani alichapisha fasili za aina mbalimbali za uvurugikaji huo, akisisitiza kwamba tupime kile kinachosikika, kwa kuwa fikra yenyewe hakuna awezaye kuisikia. Aligundua pia kwamba wagonjwa wa mania, yaani hali ya msisimko na uchangamfu uliopita kiasi, nao huzungumza hivyo, jambo ambalo linafaa kukumbukwa na kila anayetaka kumpachika mtu jina la ugonjwa baada ya mazungumzo ya dakika tano.

Sasa nije kwenye picha. Mwaka 1976 huko Uingereza, Eve Johnstone na wenzake walitumia mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya kichwa kwa eksirei, kuwapima wagonjwa 17 waliokuwa wamelazwa kwa miaka mingi, wakakuta vyumba vya maji vilivyomo ndani ya ubongo vimepanuka kuliko vya watu wasio na ugonjwa. Hiyo ilikuwa habari kubwa, kwa sababu zama zile bado kulikuwa na nadharia yenye nguvu iliyowalaumu akina mama kwamba malezi yao ndiyo yanayozaa skizofrenia. Ningependa kila mama anayesoma hapa alijue hilo.

Vyumba vilivyopanuka, lakini, havielezi kwa nini mtu huacha njia katikati ya jibu. Hatua iliyohusu usemi hasa ilikuja mwaka 1992, Martha Shenton na wenzake walipotumia MRI, mashine inayopiga picha kwa nguvu ya sumaku, kuwalinganisha wanaume 15 waliougua kwa muda mrefu na wanaume wengine 15 wenye afya. Mkunjo wa juu wa ubongo katika eneo la panja la kushoto, yaani karibu na sikio, ulikuwa mdogo kwa takriban asilimia 15 kwa wagonjwa, na kadiri sehemu yake ya nyuma ilivyokuwa ndogo ndivyo fikra zilivyokuwa zimevurugika zaidi. Eneo hilo lilikuwa na historia tayari: mwaka 1874 Carl Wernicke alieleza kwamba watu walioumia sehemu hiyo huendelea kusema kwa ufasaha wa sauti na mwendo, huku maana ikiwa imewatoka.

Utafiti ninaouona kuwa na ubunifu mkubwa zaidi ni ule wa Tilo Kircher na wenzake uliochapishwa mwaka 2001. Walitumia aina ya MRI inayofuatilia utendaji wa ubongo, ambayo msingi wake uliwekwa na Seiji Ogawa mwaka 1990: damu iliyobeba oksijeni na damu iliyoiacha huitikia sumaku kwa namna tofauti, hivyo sehemu ya ubongo inayofanya kazi zaidi, na kuletewa damu zaidi, hubadilika kidogo kwenye picha. Wagonjwa 6 waliokuwa na uvurugikaji wa usemi, pamoja na watu 6 wa kulinganishwa nao, waliwekwa ndani ya mashine wakaonyeshwa michoro ya madoa ya wino, kisha wakaombwa wazungumzie kila mchoro kwa dakika 3. Usemi wa kila mgonjwa ulirekodiwa, ukapimwa, na ukalinganishwa na picha za ubongo wake yeye mwenyewe. Nyakati ambazo maneno yalivurugika zaidi, shughuli katika mikunjo ya panja la kushoto ilipungua, na shughuli ikaongezeka kwingineko, ikiwemo sehemu ya kati ya ubongo mdogo ulio kisogoni.

Uzuri wa mpango huo ni kwamba mgonjwa alilinganishwa na nafsi yake. Hakuna awezaye kusema kwamba tofauti ilitokana na elimu, sigara au umri, kwa kuwa ni mtu yuleyule, siku ileile, akiwa na sentensi iliyoshikamana na nyingine iliyoachana. Udhaifu wake ni kwamba wagonjwa walikuwa 6 tu.

Eneo la panja nalo halifanyi kazi peke yake. Mwaka 1992 Peter Liddle na wenzake, kwa kutumia PET inayopima mtiririko wa damu, walionyesha kwamba dalili za skizofrenia hujikusanya katika makundi matatu, na kundi la uvurugikaji lina ramani yake tofauti na ya sauti na imani potofu, ikihusisha sehemu za mbele za ubongo. Sehemu za mbele ndizo hushikilia mpango wa maongezi na kuzuia mawazo ya pembeni yasiingie. Sote tukisikia "ziwa" tunapata "samaki", "mtumbwi" na "mvua" kwa mara moja, kisha tunachagua; inavyoelekea, mgonjwa naye anapata maneno hayohayo, lakini uchaguzi ndio unaokuwa mgumu.

Mwaka 2018 watafiti wa mtandao wa ENIGMA waliunganisha picha za watu 4,474 wenye skizofrenia na 5,098 wasio nayo kutoka vituo 39. Gamba la ubongo lilikuwa jembamba zaidi kwa wagonjwa katika maeneo mengi, hasa ya mbele na ya panja. Tofauti hiyo ni ya wastani, na hapa ndipo jibu la swali la mwanzo lilipo. Ikiwa sato wa mwalo mmoja, yaani mahali mitumbwi inaposhusha samaki, ni wadogo kidogo kwa wastani kuliko wa mwalo mwingine, ukipewa samaki mmoja mkononi huwezi kuapa ametoka mwalo gani. Picha ya kijana mmoja ni samaki huyo mmoja.

Karibuni kwa maswali.

Mama_Kabula_Igoma

Nakushukuru kwa maelezo haya, muuguzi. Mimi ninamuuguza mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka 22, ambaye tangu mwaka jana anaongea maneno yasiyofungamana kama ulivyoeleza. Kuna mtu alinishauri niuze kiwanja ili nilipie MRI, akisema bila picha hiyo madaktari wanabahatisha tu, na kwamba dawa anazopewa huenda si zake. Kiwanja hicho ndicho akiba pekee aliyotuachia baba yake. Naomba unieleze ukweli, maana usiku silali.

Muuguzi_Kirumba

Mama, pole sana kwa kuuguza. Usiuze kiwanja kwa ajili ya kutafuta skizofrenia kwenye picha, kwa sababu hakuna daktari popote duniani anayeithibitisha kwa njia hiyo. Utambuzi hufanywa kwa mazungumzo, kwa historia mnayoitoa ninyi mnaoishi naye, kwa muda ambao dalili zimedumu, na kwa kuondoa kwanza magonjwa mengine yanayofanana nayo. Hakubahatishwi pale; ni kazi yenye vigezo vyake.

Picha huhitajika daktari anaposhuku kitu kingine: kama aliwahi kuumia kichwa, kama anapata degedege, homa au maumivu makali ya kichwa, kama upande mmoja wa mwili umelegea, au kama dalili zilianza ghafla kwa mtu mwenye umri mkubwa. Hapo CT au MRI inaweza kuonyesha uvimbe, damu iliyovuja, au mabuu ya tegu wa nguruwe waliojificha kwenye ubongo, na mambo hayo yana tiba yake. Kabla ya hapo kuna vipimo vya gharama ndogo vinavyoweza kubadilisha matibabu yote, vikiwemo vya VVU, kaswende, malaria na sukari. Kwa hiyo muulize daktari wake swali hili moja: "Je, kuna dalili yoyote inayokufanya ushuku ugonjwa mwingine wa ubongo?" Akisema ipo, ombeni barua ya rufaa na mjadiliane kuhusu gharama. Akisema haipo, fedha hiyo itunze kwa ajili ya nauli ya kliniki, chakula na dawa. Dawa asiziache, hata akionekana amepona.

Picha_Bwiru

Nathibitisha aliyoyasema muuguzi. Kazi yangu ni kupiga picha za mionzi, na wagonjwa wengi wanaoletwa kwa sababu ya dalili za akili hurudi na ripoti isiyoonyesha kasoro yoyote. Ndugu hukasirika, wakiona kana kwamba tumekataa kwamba mtu wao ni mgonjwa. Naongeza kwamba MRI ya hospitali na MRI ya utafiti hutofautiana kwa namna zinavyosomwa: sisi tunatafuta kitu kinachoonekana kwa macho, ilhali watafiti hutumia kompyuta kupima unene wa gamba kwa sehemu za milimita. Mgonjwa akitikisa kichwa kidogo tu, vipimo hivyo huharibika, na mtu asiyetulia hutikisika zaidi, hivyo baadhi ya tofauti zinazoripotiwa huenda ni za mtikisiko. Swali langu ni hili: nimesoma kwamba dawa zenyewe hupunguza ukubwa wa ubongo. Je, picha hizo hazionyeshi madhara ya dawa tu?

Muuguzi_Kirumba

Ahsante sana, mkuu. Hoja ya mtikisiko ni ya msingi, na inakuwa nzito zaidi pale mtu anapotakiwa kuzungumza akiwa ndani ya mashine, kwa sababu taya na ulimi haviwezi kutulia.

Kuhusu dawa, mwaka 2011 Beng-Choon Ho, Andreasen na wenzao walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 211 kwa miaka kadhaa, na waliopata dawa nyingi zaidi walikuwa na upungufu mkubwa zaidi wa baadhi ya tishu za ubongo, hata baada ya kuzingatia ukali wa ugonjwa. Matokeo hayo yanafaa kuwafanya madaktari watumie dozi ndogo inayotosha. Dawa, hata hivyo, haziwezi kuwa maelezo yote, kwa sababu tofauti za ubongo zimeonekana pia kwa watu waliopimwa mwanzoni kabisa mwa ugonjwa. Na hatari ya kuacha dawa ghafla sisi tunaiona kwa macho: ugonjwa hurudi, mara nyingi kwa ukali, na kijana hupoteza kazi au masomo aliyokuwa ameyarudia.

Mwana_Ukara

Kwetu kisiwani mtu akianza kusema hivyo, wazee husema mizimu inazungumza, na vijana husema ni bangi. Je, picha za ubongo zinaweza kuamua ubishi huo?

Muuguzi_Kirumba

Ndugu yangu, picha haiwezi kubishana na imani ya mtu, nami sioni sababu ya kuwakataza wazee wasiombe, mradi mgonjwa hafungwi kamba, hapigwi wala hanyimwi chakula, na kliniki anafika. Familia nyingi ninazozijua hufanya yote mawili.

Kuhusu bangi, wazo la vijana hao lina ukweli ndani yake. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 1987, uliowafuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini, ulionyesha kwamba waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta. Hata hivyo wengi wa wavutaji hawakupatwa nayo, na wagonjwa wengi hawakuwahi kuvuta. Anayeugua aache bangi kabisa, lakini asihukumiwe kwamba amejitakia.

Mwl_Sengerema

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nimesoma uzi huu mara mbili. Lugha yetu ina ngeli na upatanisho, nayo hubeba mambo mengi ndani ya neno moja. Wagonjwa wetu wengi, zaidi ya hayo, wana Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya kama lugha ya nyumbani. Vipimo vya usemi vilivyotungwa kwa Kiingereza vinatufaa vipi sisi?

Muuguzi_Kirumba

Mwalimu, hili ndilo swali nililokuwa nikilisubiri.

Mwaka 1979 Sherry Rochester na J. R. Martin walionyesha kwamba msikilizaji huchanganyikiwa, kwa sehemu kubwa, kwa sababu mgonjwa hutaja "yeye" au "kile" bila kueleza anamtaja nani au nini. Sasa fikiria sentensi hii: "Alimwambia kwamba atamfuata." Kwa watu, kiambishi ni kilekile kwa mwanamke na mwanamume, kwa hiyo muktadha ndio unaobeba mzigo wote, na muktadha ukivunjika msikilizaji hana pa kushika. Kwa vitu, mambo ni tofauti: "kilivunjika", "ulivunjika" na "yalivunjika" vinatupa fununu hata kama jina la kitu halijatajwa. Ninaamini mgonjwa wa Kiswahili atatupoteza zaidi anaposimulia habari za watu kuliko anaposimulia habari za vitu. Hiyo ni nadharia tete yangu, na inaweza kupimwa hapa kwetu bila mashine ya sumaku.

Tazama pia hesabu ya maneno. "Hatukumwambia" ni neno moja linalobeba mkanushaji, mtenda, wakati, mtendwa na kitendo. Programu ya kompyuta inayopima usemi kwa kuhesabu maneno ya kila sentensi itamwona msemaji wa Kiswahili mwenye afya kuwa na uchache wa usemi. Watafiti wa Brazili, akiwemo Natália Mota, walibuni njia ya kuuchora usemi kama ramani: kila neno ni nukta, na kila neno linalofuata huunganishwa nalo kwa mstari. Katika matokeo yao, usemi wa watu wenye skizofrenia ulikuwa na miunganiko michache kuliko wa watu wenye mania, na tofauti hiyo ilijitokeza zaidi walipoombwa kusimulia ndoto. Walifanya hivyo kwa Kireno, lugha ya wagonjwa wao. Sisi tukitaka kuitumia njia hiyo tutalazimika kuamua kwanza nukta ni neno zima au ni mzizi wake, na uamuzi huo ni wa watu kama wewe, Mwalimu, kabla haujawa wa madaktari.

Huko Marekani, Gillinder Bedi na wenzake mwaka 2015 walichanganua kwa kompyuta usemi wa vijana 34 waliokuwa katika hatari ya kuugua, na mfumo wao ukawatofautisha sawasawa wale 5 waliougua baadaye. Idadi hiyo ni ndogo mno kujengea huduma, lakini inaonyesha kwamba usemi hubadilika mapema.

Kuhusu lugha mbili, naomba wote tuwe waangalifu. Kijana wa Magu anayeanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kisukuma hajavurugika fikra. Ndivyo watu wanavyozungumza kule. Vivyo hivyo, zipo kliniki zinazowapima wagonjwa kwa kuwataka waeleze maana ya methali, na mzee aliyekulia kwenye malisho ya ng'ombe akishindwa kueleza methali ya pwani inayohusu jahazi na tanga, anaandikiwa kwamba fikra zake hazivuki maana ya juujuu. Anayemhoji anapaswa kuijua lugha ya mgonjwa au awe na ndugu wa kumweleza kama maneno hayo, nyumbani kwao, ni ya kawaida.

Mwl_Sengerema

Nimekuelewa, na niko tayari kusaidia. Tungeanzia wapi, kwa vitendo?

Muuguzi_Kirumba

Tuanzie kwenye simu tulizo nazo mifukoni. Mgonjwa aombwe ridhaa wakati akiwa ametulia, aelezwe kwamba sauti yake itasikilizwa na wanaomtibu tu, na kwamba anaweza kukataa bila kupoteza huduma yoyote. Kisha, kila anapokuja kliniki, arekodiwe kwa dakika 3 katika lugha anayoichagua mwenyewe, kwa maswali yaleyale kila mara: asimulie siku yake ya jana, aeleze picha moja ya kawaida, kwa mfano ya watu wakipakua samaki mwaloni, na asimulie ndoto yoyote anayoikumbuka. Rekodi ziandikwe tarehe na dozi aliyokuwa akitumia, zihifadhiwe kwa namba bila jina, na zisitumwe WhatsApp kwa mtu yeyote. Wewe na walimu wenzako mngeweza kutusaidia kwa kuwarekodi kwanza watu wasio wagonjwa, wa rika na elimu mbalimbali, wa Sengerema, Ukerewe na mjini, ili tujue usemi wa kawaida wa huku unafananaje. Daktari naye, kabla ya kuongeza au kupunguza dawa, asikilize rekodi ya leo na ya miezi sita iliyopita, moja baada ya nyingine.